Kadi Ndani ya Ndengu

Jumatano, 1 Oktoba 2025

Mkutano wa kamati ya maji, pale kioskini. Nilifika mapema, nikakaa mbele kabisa. Shati limepigwa pasi. Mama Nzilani, mwenyekiti wetu, akasimama akanishukuru mbele ya watu. Alisema tangu niirekebishe mashine ya maji mwezi wa saba haijasumbua hata mara moja. Makofi. Nikainamisha kichwa, kama mtu asiyependa makofi.

Kisha akaharibu. Akasema kwa kuwa mashine haisumbui, kamati inajiuliza kama bado kuna haja ya fundi wa kukaa nayo kila siku. Akasema pia kuna kijana wa Kanyangi, anaitwa Mbithi, ana cheti na ana pikipiki, na amekubali kusaidia.

Yaani kosa langu ni kwamba nimefanya kazi vizuri! Mtu anayefanya kazi ovyo huitwa kila siku, huandaliwa chai, huulizwa habari za nyumbani. Mimi nimeponya mgonjwa, sasa naambiwa asante na safari njema. Sikungoja chai. Wala sikungoja ajenda ya mwisho. Niliondoka shingo juu, na kofia nikaisahau kwenye benchi.

Niandike ukweli hapa, maana hakuna anayesoma. Kiwanda cha Athi River kilipofungwa nilirudi Kyuso na begi moja. Kwa miaka nikawa "yule bwana ya Kalondu." Kalondu, mke wangu, ana shamba, ana mbuzi, anaimba kanisani, anajulikana. Mimi nilijulikana kwa kuwa wake. Tangu mashine ya maji ije, naitwa Fundi. Mtu akiniita Fundi sokoni, hugeuka polepole ili aite tena. Sitaki jina hilo liende Kanyangi juu ya pikipiki.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nimepata dawa. Imenijia nikinywa uji.

Kioski chetu kina sanduku la chuma. Ndani ya sanduku kuna bodi, kompyuta kamili lakini haizidi kipande cha sabuni ya kufulia. Mtu anaweka tokeni yake, bodi inaisoma, mfereji unafunguka, mtungi unajaa. Jioni Mama Nzilani huzima swichi ili betri ya sola ipumzike. Asubuhi huiwasha.

Sasa, bodi ikiwashwa haijui hata jina lake. Kuna programu ndogo inayoamka kabla ya zingine zote. Mafundi huiita bootloader. Mimi naiita Mwamshaji. Mwamshaji huamka na swali moja tu: maagizo yangu yako wapi? Ndani ya maagizo hayo kuna jina la mashine, namba yake, na ianze na nini. Siku zote maagizo yamekaa kwenye kidude cheusi kilichochomelewa kwenye bodi yenyewe. Mwamshaji anayaona hapo hapo, maji yanatoka, na fundi anasahaulika.

Lakini mahali pa kutafutia panabadilishwa! Unaweza kumwambia atafute kwenye kile kidude, au kwenye kadi ya memori, au aanze huku akikosa aende kule. Ni mistari michache. Leo nimefungua sanduku kwa kisingizio cha kupanguza vumbi, nikaweka Mwamshaji mpya. Huyu anatafuta mahali pamoja, kwenye kadi. Kadi yangu. Maagizo ya zamani nimeyafuta. Hata yale ya akiba, anayotumia akikosa mengine yote, nimeyaondoa, asije akajikokota bila mimi. Akikosa kadi atasimama na taa nyekundu mpaka nije.

Na uzuri wa mambo ni huu. Akishasoma maagizo asubuhi, hana haja na kadi tena mpaka siku inayofuata. Naichomeka, maji yanatoka, naichomoa, naenda zangu nayo.

Fundi wa maana huweka kopi. Nimeweka kopi ya maagizo. Nimeiweka kwenye kadi hiyo hiyo, ili vitu visitawanyike.

Kalondu ameniuliza ninachekea nini. Nimemwambia uji ni mtamu.

Ijumaa, 3 Oktoba

Siku tukufu.

Mama Nzilani aliwasha swichi. Taa nyekundu. Akazima, akawasha. Nyekundu. Akanipigia simu. Niliiacha ilie kidogo kabla ya kushika. Nikamwambia nitajaribu kupita, ingawa nilikuwa nimeshavaa viatu.

Laini ya kina mama ilikuwa imefika kwenye duka la mbegu. Nikapita katikati yao bila haraka. Kadi niliifunika na kitambaa kiganjani. Nikapiga magoti, nikaingiza mkono chini ya sanduku kama anayetafuta kitu kigumu, nikachomeka. Mkono wa pili nikauweka juu ya sanduku, nikafumba macho. Hilo la macho halikuwa kwenye mpango. Lilikuja tu.

Taa ya kijani. Maji! Susu Syokau, bibi mzee jirani yetu anayeishi peke yake na punda wake, akasema Mungu amenipa mkono. Wengine wakasema hiyo mashine imenizoea kama ng'ombe anavyozoea mkamuaji mmoja. Pasta Ndolo wa kanisa letu alikuwa akipita, akauliza kama nilikuwa ninaomba. Nikamwambia kila mtu na njia yake. Akaitikia kwa heshima.

Mama Nzilani akasema itabidi niwe nafika kila asubuhi. Nikamwambia nitaangalia kama nina nafasi.

Jumamosi, 4 Oktoba

Asubuhi kama jana, ila leo Mbithi alikuwepo. Mama Nzilani alimwalika aje aone. Mtu mrefu, mpole, anasema "mzee" kila baada ya maneno matatu. Mzee! Nimemzidi miaka michache tu. Alikaa juu ya pikipiki yake akila embe, akanitazama mpaka nikamaliza. Halafu akauliza, kwa adabu nyingi, kwa nini bodi kama ile inachukua muda mrefu kuamka siku hizi. Nikamwambia ni mambo ya volteji na joto la Kyuso, kwamba Kanyangi hawawezi kuyajua. Akasema asante mzee. Simpendi kabisa.

Shida nyingine iko nyumbani. Kalondu hufua Jumamosi. Hukung'uta mifuko yote, na anachokipata hukiweka mahali ambapo yeye mwenyewe hapakumbuki. Mwaka jana alifua kitambulisho changu mpaka picha yangu ikabaki masikio.

Nimetafuta mahali pa kuficha kadi nyumba nzima. Mwishowe nikaingia ghalani. Pale kuna mkebe wa bati wa mbegu za ndengu, zimechanganywa na majivu zisiliwe na wadudu, kifuniko kimebanwa. Mtu wa huku atakula kila kitu nyumbani kwake, lakini mbegu hazigusi mpaka wingu lije. Na wingu halijaja. Nimeizika kadi katikati, ndani ya kakaratasi, nikabana kifuniko. Asubuhi nitaichukua, nikirudi nitairudisha.

Hata benki haina mahali kama hapo.

Jumapili, 5 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Mikono bado ina majivu.

Jumapili kioski hufunguliwa baada ya ibada, kwa hiyo sikuwa na haraka. Kalondu alitangulia kanisani na wenzake wa kwaya. Nilifika wakati wa matangazo, nikakaa upande wa wanaume karibu na mlango. Pasta Ndolo akatangaza kwamba leo ni maombi ya mbegu. Kila mwaka kabla ya mvua za Novemba tunaleta mbegu kanisani, zinamwagwa pamoja juu ya turubai, zinaombewa, kisha kila nyumba inarudi na kipimo chake kutoka kwenye rundo moja, ili baraka ya mmoja iwe ya wote. Ni desturi nzuri. Nimeipenda tangu nikiwa mdogo. Nilikuwa nimesahau tarehe tu.

Kina mama wakaingia wakiimba, wamebeba mbegu kichwani. Wa nne ni Kalondu. Juu ya kichwa chake, mkebe wangu wa bati.

Nilisimama. Sikuamua kusimama, miguu iliamua. Nikapita katikati ya viti nikisema samahani, samahani, na nikafika mbele wakati kifuniko kimeshafunguka. Ndengu zetu zikamwagika juu ya ndengu za watu wote, na majivu yakapanda kama moshi. Mama mmoja akazikoroga kwa mikono yote miwili. Wengine wakaongeza zao.

Nikaanguka magoti nikatia mikono mle ndani mpaka kwenye viwiko.

Pasta Ndolo akasema kwa sauti ya chini kwamba Roho amemgusa ndugu yetu Mutunga, na kama ninalo neno nilitoe. Ningefanya nini? Nikaomba. Niliomba huku nikipepeta. Niliombea kila punje. Niliombea zilizo juu, nikaombea zilizo chini, nikaombea kila kijiji kwa jina lake hadi Tseikuru ili nipate muda wa kufika upande wa pili wa turubai. Sijawahi kuomba hivyo hata kiwanda kilipofungwa. Watu walilia. Kalondu alilia, na yeye halii ovyo. Nilipata kakaratasi. Kakaratasi katupu.

Nilipomaliza nikamwomba Pasta aniruhusu niwe mpimaji. Akasema hapana, nimechoka, nikae nipumzike. Wazee wakapima. Nyumba baada ya nyumba ikaondoka na kipimo chake. Chetu nimekipepeta mara nyingi. Hakuna kitu.

Mama Nzilani alinipigia mchana. Nikamwambia leo ni sabato ya mashine.

Jumatatu, 6 Oktoba

Taa nyekundu. Nilifika na mikono mitupu, nikafumba macho muda mrefu kuliko siku zote, ikawa bure. Nikasema ni presha kutoka kwenye kisima. Wakanisadiki, na hiyo ndiyo iliniuma.

Kisha nikaanza kupita nyumba kwa nyumba, nikijitolea kuchagua ndengu. Nikawaambia nimepata mzigo moyoni wa kuhakikisha hakuna mbegu mbovu itakayoingia ardhini mwaka huu. Walifurahi sana. Walinipa muthokoi wa mahindi na maharagwe, walinipa kiti chenye kivuli. Mama mmoja aliniletea na maharagwe yake nichague. Nikachagua na maharagwe. Mgongo haunyooki. Sijapata kadi, ila nimesifiwa kila mahali, na bwana mmoja ameniomba nimsaidie kuacha pombe.

Nikirudi nilipitia njia ya mtoni. Mto hauna maji, ni mchanga tu, na kina mama walikuwa wamepiga magoti wakichimba mashimo na kungojea maji yapande taratibu, kikombe kwa kikombe. Susu Syokau alikuwa hapo na punda wake. Akaniona akaniinulia mkono, akasema Fundi asivunjike moyo, mashine nayo huchoka kama watu. Goti lake moja halikunjiki vizuri, alikuwa amelikalisha kwenye mfuko.

Nilitaka kumwambia. Nikainua mkono nami, nikapita. Nyumba yake ndiyo iliyokuwa inafuata kwenye mzunguko wangu wa kuchagua ndengu, lakini sikwenda. Nilishindwa kumtazama.

Jumatano, 8 Oktoba

Mpango mpya. Nimenunua kadi nyingine, nikakaa na laptopu yangu kuandika maagizo upya kutoka kichwani. Nakumbuka mengi. Nakumbuka karibu yote! Namba ya mashine ndiyo iliyonipotea, kwa hiyo nikachukua moja niliyoiona kwenye mtandao, kwenye mfano wa watu wanaojifunza. Nikasema namba ni namba.

Taa ya kijani! Kina mama wakashangilia, mitungi ikasogea. Wa kwanza akaweka tokeni. Mfereji ukatoa kikombe kimoja cha maji, ukafunga. Akaweka tena. Kikombe. Kumbe namba ile huifanya mashine ijione iko kwenye majaribio, na kwenye majaribio haitoi zaidi ya hapo.

Mwanzoni walicheka. Mmoja akaomba na sukari. Kisha wakaacha kucheka, kwa sababu kila kikombe kinakula tokeni nzima. Mama Nzilani akazima swichi yeye mwenyewe. Hakunigombeza. Alisema tu nikapumzike, na kwamba mkutano mkuu utakuwa Jumamosi.

Jioni Kalondu alinipikia chapati. Akasema tangu nilipoomba Jumapili ananiona mtu mwingine, na shida za mashine zisinikatishe tamaa. Chapati hazikupita kooni. Nilikula tano.

Ijumaa, 10 Oktoba

Sikukuu ya Mazingira. Naibu chifu alileta miche kwenye gari, tukaitwa wote tukapande nyuma ya soko. Mashimo yalichimbwa, hotuba ikatolewa, miche ikasimama wima. Akauliza maji yako wapi. Watu wote wakanigeukia. Nikatazama miche kwa makini, kama mtu anayejua miti. Mwishowe mipapai ilimwagiwa soda iliyobaki kwenye chupa za wageni.

Lakini Mungu si Mutunga, yaani si mimi, hatunzi kinyongo. Susu Syokau alikuja kusimama karibu nami. Akaniuliza kama ni kweli ninazunguka nikichagua mbegu za watu, maana kwake sijafika, na yeye macho hayaoni vizuri. Akasema Jumapili jioni alipokuwa akipepeta majivu alikuta kadi ya simu ndani ya ndengu zake, ile ndogo ya kuwekea nyimbo. Alingoja mwenyewe ajitokeze. Hakuna aliyekuja. Jana kwenye maombi ya kina mama akampa Pasta Ndolo aitangaze.

Ilikuwa kwake! Jumatatu nzima, Jumanne nzima, Jumatano nzima, ilikuwa mezani kwa mtu niliyeogopa kumtazama!

Nilikimbia hadi kwa Pasta. Alikuwa anafunga spika ya kanisa kwenye kibebeo cha baiskeli, kwa ajili ya mkutano wa kesho. Nikamwambia kadi ni yangu. Akaitoa, akaanza kunieleza jambo fulani. Niliipokea nikashukuru nikaondoka mbio. Nilimsikia akiniita nyuma, nikapunga mkono.

Ninayo. Naiandika hii nikiwa nimeikalia. Mama Nzilani amemwita Mbithi aje na vifaa vyake kesho. Aje! Aje aone watu wanavyoheshimiwa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mkutano mkuu. Kijiji kizima. Mbithi alishafungua laptopu yake na kutoa waya. Nikasimama nikaomba nafasi moja tu kabla mgeni hajagusa mashine yetu. Mama Nzilani akanitazama, akakubali.

Nilipiga magoti. Nilichomeka. Nikaweka mkono juu, nikafumba macho, na safari hii niliomba kweli. Nikafumbua. Nyekundu. Nikachomoa, nikapuliza vumbi, nikachomeka. Nyekundu. Mama Nzilani akazima na kuwasha mara nyingi. Nyekundu, nyekundu. Kitambaa kikanianguka, na kadi ikabaki kiganjani, jua likiimulika.

Pasta Ndolo akauliza, bila ubaya wowote, kama hiyo si ndiyo kadi aliyoiokota Susu Syokau. Akasema hilo ndilo alilotaka kunieleza jana. Aliiweka kwenye simu yake apate kujua ni ya nani, simu ikasema haielewi kilichomo, ikauliza kama iiandae upya. Akakubali. Kwa kuwa sasa ilikuwa tupu, akaijaza nyimbo za kwaya. Akaichukua mkononi mwangu akaichomeka kwenye spika kuwaonyesha. Kwaya ikaimba. Sauti ya Kalondu ilikuwa juu ya zingine zote. Nilisimama pale mpaka ubeti ukaisha, kwa sababu sikujua pa kwenda.

Mbithi akaunganisha waya wake. Akasoma kwenye skrini. Mama Nzilani akamuuliza kuna nini. Akasema bodi haina ugonjwa. Imeambiwa itafute maagizo yake kwenye kadi, isitafute mahali pengine. Mama Nzilani akauliza imeambiwa na nani. Mbithi akatazama waya. Ningemchukia kidogo tu kama angesema.

Nikasema ni teknolojia mpya.

Susu Syokau akauliza kama alivyoelewa ndivyo. Kwamba kile kidude kilikuwa cha kuzuia maji yasitoke mpaka mimi nifike. Akasema basi yeye kidude hicho alikuwa nacho mezani karibu wiki nzima, na kila asubuhi amekuwa akikiacha hapo anaenda mtoni. Hakusema kwa hasira. Alikuwa anaweka mambo sawa kichwani.

Kalondu alikuwa nyuma na wanakwaya. Sikugeuka.

Mama Nzilani akaniambia jambo moja, na aliniambia mbele ya wote. Mkutano ule wa Jumatano, ajenda ya mwisho niliyoondoka kabla yake ilikuwa yangu. Kioski cha pili kinajengwa kwenye zahanati. Mashine ya hapa haihitaji mtu wa kukaa nayo, kwa hiyo walitaka niwe fundi mkuu wa zote mbili, na Mbithi awe chini yangu afundishwe. Walikuwa wamekubaliana tayari. Walinitafuta wanipe habari wakaikuta kofia tu. Walinyamaza wakitaka wanitangaze leo, mkutano mkuu, watu wote wakiwepo.

Nilisema naomba maji ya kunywa. Hayakuwepo.

Mbithi alipiga simu kwa waliotuuzia mashine, wakamsomea maagizo, akayaandika upya kwenye kile kidude cha bodi. Akamrudisha Mwamshaji kutafuta hapo hapo. Aliniomba nimshikie tochi ndani ya sanduku. Nikashika. Alisema asante mzee. Mashine ikawaka, mitungi ikajaa mpaka jioni, na haikumhitaji mtu yeyote.

Njiani Kalondu alitembea mbele yangu. Tulipofika akaniuliza kama maombi yangu ya Jumapili ile nayo yalikuwa ya kadi. Nikamwambia mwanzoni. Akaingia ndani kuwasha moto.

Jumatatu, 13 Oktoba

Bado nina aibu, lakini kuna jambo limetokea na lazima niliandike.

Jana baada ya ibada laini ya kioski iliharibika. Watu walikuwa wamekaa wiki na kiu, kila mmoja anadai alitangulia, mitungi ikarushwa, mama mmoja akapasuliwa mdomo. Leo asubuhi Mama Nzilani akaja hapa nyumbani. Nilidhani amekuja kuchukua funguo za sanduku. Akazichukua. Kisha akasema wanahitaji mtu wa kukaa pale kupanga laini, mtu ambaye hana kazi nyingine. Amefikiria wote, akanikuta mimi tu. Akasema ni Susu Syokau aliyenitaja. Susu alisema mimi si mtu mbaya, ni mtu asiyeweza kukaa bila kuitwa.

Nilitaka kukasirika. Badala yake machozi yakanitoka, nikasema ni majivu, na hata ghalani hapakuwa na majivu tena.

Nimeanza leo leo. Nimefanya vizuri sana, nijisifu mwenyewe kama hakuna wa kunisifu. Hakuna aliyegombana. Susu Syokau alipata maji kabla jua halijawa kali, akaniita Fundi kwa mazoea, sikumsahihisha.

Sasa nimepata njia bora zaidi. Wengine wangeweka mawe, au namba, au wangeandika majina ukutani. Hapo mtu yeyote angeweza kuja akasoma akapanga laini mwenyewe. Mimi sitaandika popote. Zamu zote nitaziweka kichwani, nani amemfuata nani, nani ana mgonjwa, nani alikosa jana. Na nitaubadilisha utaratibu kidogo kila baada ya watu kadhaa, ili asitokee mjanja akaukariri. Kesho wakifika watanikuta nimekaa, na hakuna atakayejua ni zamu ya nani mpaka nifungue mdomo.

Nimemweleza Kalondu. Ni mara ya kwanza tumeongea vizuri tangu Jumamosi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka mwiko chini, akaniuliza na siku nikiugua itakuwaje.

Nimemwambia siku hiyo ndiyo watajua umuhimu wangu.